Sahihi ya Mwalimu Filemoni

Filemoni hakuomba kutumwa Kenya. Jina lake lilipitishwa kwenye kikao ambacho hakualikwa, na habari zilimkuta ameinamia benchi, akimwonyesha Rhobi namna ya kunoa randa kwa jiwe la mtoni, maana jiwe la dukani lilikuwa limekwisha tangu Pasaka.

Kituo chake kilikuwa Itandora, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kenyamonta. Kilikuwa kimoja kati ya vile vituo vya ufundi vilivyofunguliwa ili vijana wanaomaliza darasa la saba wasikae bure wala wasikimbilie mijini. Walijifunza miaka miwili, useremala, uashi au ushonaji, kisha mhitimu alitakiwa abaki kijijini, ajiunge na wenzake, wajenge nchi. Filemoni, ambaye alijifunza useremala kwa mapadri enzi za Mwingereza, aliliamini jambo hilo kwa moyo wake wote. Imani haikumpungukia. Vilivyompungukia ni vifaa. Alikuwa na wanafunzi kumi na tisa, randa mbili, misumeno mitatu, mmoja wao kibogoyo, na jiliwa la kubania mbao lililofungwa kwa kamba ya katani lisianguke.

Rhobi alikuwa msichana pekee katika useremala. Siku ya kwanza aliambiwa ushonaji uko chumba cha pili, akajibu kwamba anajua ulipo, na kwamba hakupotea njia. Mama yake, Mogesi, mjane wa siku nyingi, alimfuata Filemoni nyumbani kumweleza.

"Nyumba yangu haina mwanamume," alisema. "Mlango ukivunjika tunalala tumeuegemeza kinu. Mfundishe huyu, mwalimu. Wakisema maneno, waje waseme kwangu."

Filemoni akamfundisha. Kufika mwaka wa pili, Rhobi alikuwa na jicho ambalo yeye mwenyewe alilihusudu kimoyomoyo. Alitazama ubao kwa mbali akakuambia umepinda wapi. Mwenzake wa benchi alikuwa Mniko, kijana mrefu mwenye mabega mapana, mgumu wa hesabu, ambaye hakuweza kukata mbao bila kuimba. Rhobi alimpimia, Mniko akamkatia. Watu waliwacheka, wao hawakujali.

Aliyeleta habari za Kenya alikuwa Hezekia, mkaguzi wa vituo, aliyekuja na pikipiki yake kila miezi mitatu akiwa amefunga kitambaa puani kwa ajili ya vumbi.

"Wakubwa wanataka mtu wa mikono, si mtu wa meza," alisema. "Wenzetu ng'ambo wana vyuo vyao vya vijiji, wanaviita politekniki. Wanavibadilisha, na sisi tunavibadilisha vyetu. Nenda ukae wiki mbili. Uone, ulinganishe, uandike."

"Niandike nini?"

"Utakachokiona, mwalimu. Nini tena?"

Basi mwezi wa Agosti Filemoni akapanda lori la pamba hadi Tarime, akalala kwa jamaa, kesho yake akavuka mpaka wa Sirari na begi la nguo mbili na daftari kubwa la jalada gumu. Hakujiona mgeni. Kikurya kilikuwa kilekile, ukoo uleule, hata namna ya kufunga zizi ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni fedha mfukoni na sauti ya redio madukani.

Politekniki ilikuwa juu ya kilima, majengo manne ya matofali yaliyojengwa kwa michango ya wazazi. Msimamizi wake, Simioni, alikuwa mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimpokea kama ndugu, akamtembeza. Filemoni aliona mambo yaliyomfanya asimame kila baada ya hatua chache. Aliona banda refu lisilo na kuta, mbao zimepangwa ndani yake tabaka kwa tabaka, kila tabaka limetenganishwa na vijiti ili upepo upite.

"Hizi tunaacha mwaka mzima," alisema Simioni. "Mwanafunzi akigusa ubao haujakauka, anaenda nyumbani siku tatu. Hiyo ni sheria hakuna kuongea."

Aliona wanafunzi wa mwaka wa pili wakitengeneza vitanda kwa ajili ya sokoni. Faida ya vitanda ilinunua vifaa, na kila aliyemaliza aliondoka na sanduku lake la mbao, ndani mna randa, msumeno, patasi na nyundo. Filemoni alifungua sanduku moja akavitazama vile vifaa kama mtu anayetazama mtoto wa mwenzake. Aliwafikiria Rhobi na Mniko. Hao, Juni ikifika, wangeondoka Itandora na cheti mkononi, basi.

Lakini hakuwa mtu wa kutazama upande mmoja. Siku ya nne aliona vijana watatu wameketi nje ya ukuta wa politekniki, wanamsikiliza mwalimu kupitia dirisha. Aliuliza. Akaambiwa wamerudishwa kwa kukosa ada. Wiki ya pili aliona darasa la useremala likikaa siku nzima na vitabu, hakuna aliyeshika msumeno.

"Serikali sasa inataka mtihani wa gredi," Simioni alimweleza, wakila ugali wa wimbi nyumbani kwake. "Kitambo tulikuwa tunafundisha kijana atengeneze kitu majirani watanunua. Sasa mzazi anakuja ananiambia, mwalimu, mimi nataka karatasi. Na ukweli nikuambie, ndugu yangu, akishapata hiyo karatasi ya gredi, kesho yake yuko kwa basi ya Nairobi. Mwaka jana walimaliza thelathini. Unajua wamebaki wangapi hapa?"

"Wangapi?"

"Wanne. Na mmoja wao ni mgonjwa."

Filemoni aliweka tonge chini. "Sisi wetu wanabaki," alisema. "Wanabaki wamekaa. Hawana cha kushika."

Simioni alicheka, kisha akaacha kucheka. "Basi wewe unawafunga miguu, na mimi nawafunga macho wasione kwao," alisema. "Tukienda mbele za Mungu tutapangwa mstari mmoja."

Filemoni aliporudi Itandora aliandika majuma mawili, jioni kabla jua halijazama, kwenye meza aliyoitengeneza mwenyewe. Zikawa kurasa kumi na moja. Aliandika kwamba wenzetu wanakausha mbao na kumpa kijana vifaa vyake, lakini wanawaacha nje maskini, na mtihani umeanza kula ufundi. Aliandika kwamba sisi hatumtozi mtu ada wala hatumfukuzi mtu, na wazo letu la kijana kujenga alipozaliwa ni jema kuliko lao. Kisha akaandika sentensi ambayo aliifuta mara mbili na kuirudisha mara mbili: *Lakini kituo cha Itandora kwa hali yake ya sasa hakifundishi useremala. Kinafundisha majina ya vifaa vya useremala.*

Hezekia alizisoma zote kumi na moja akiwa ameketi juu ya pikipiki yake, chini ya jua. Alipomaliza alifunga daftari polepole.

"Mwalimu, hii ni kweli tupu," alisema.

"Ndivyo ulivyoniambia niandike."

"Ndivyo nilivyokuambia, ndiyo." Akajifuta jasho. "Sasa nisikilize kama mdogo wako. Kuna masanduku ya vifaa yamefika bandarini kutoka kwa wafadhili. Yatagawiwa vituo vinavyofanya vizuri. Hii ikifika juu, hawatasema Itandora isaidiwe. Watasema Itandora ifungwe, na wewe umekwenda Kenya ukarudi unawasifu mabepari. Ukisema huna kitu, unafungiwa. Ukisema unaweza, unaongezewa. Ndivyo dunia ilivyo, sikuipanga mimi."

Kutoka kwenye mfuko wa koti alichomoa karatasi mbili zilizopigwa taipu. Alikuja nazo tayari. Filemoni alizisoma. Zilisema kwamba mfumo wa wenzetu unazalisha watafuta kazi, na wa kwetu unazalisha wajenzi. Zilisema kituo cha Itandora kina vifaa vya kutosha na kwamba wanafunzi wake wa mwaka wa pili wana uwezo wa kuezeka jengo la ukubwa wowote. Chini palikuwa na mstari, na chini ya mstari jina lake.

Kutoka karakana ilisikika sauti ya Mniko akiimba, na msumeno kibogoyo ukikwama, ukiendelea, ukikwama. Filemoni alifikiria masanduku yale bandarini. Alifikiria randa kumi na tisa. Akaomba kalamu.

Masanduku hayakuja. Oktoba ikapita, Novemba ikapita. Kilichokuja, wiki ya kwanza ya Januari, ni Werema, mwenyekiti wa kijiji, akiwa na uso wa mtu aliyepewa heshima asiyoitarajia.

"Mwalimu, jina letu limefika mbali," alisema. "Tarehe tano ya mwezi wa pili chama kipya kinazaliwa. Mgeni mkubwa atakuja kufungua zahanati yetu. Kuta zimekwisha, bado paa. Wamesema mafundi wa mjini hawana haja ya kuja, kwa kuwa Itandora ina mafundi wake. Bati zinaletwa kesho kutwa."

"Na mbao?"

"Zinapasuliwa Tarime wiki hii hii."

"Zinapasuliwa wiki hii, mwenyekiti, na unataka niezeke mwezi huu?" Filemoni alisimama. "Ubao mbichi ukiubebesha bati utajikunja kama jani. Jengo lile lina upana wa mita tisa. Linataka kenchi za kubeba paa zilizofungwa kwa boliti, mimi nina misumari. Sina hata keekee ya kutobolea tundu la boliti. Hatuwezi."

Werema hakukasirika. Alichomoa nakala ya karatasi zile mbili, akaikunjua na kuweka kidole chini kabisa.

"Hii sahihi ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi ulimdanganya nani, mura?" alisema, akimwita kijana kwa Kikurya. "Wao wakati ule, au mimi sasa?"

Filemoni alikaa. Kukataa kungemfanya mwongo, na mwongo wa maandishi kwa serikali alijua anakopelekwa. Basi akajisemea kwamba ataweka mbao nyingi zaidi, misumari mingi zaidi, vishikizo vya kubana mbao kila upande. Alijiambia hivyo siku nzima, na kesho yake akaanza kazi.

Mbao zilifika zinatoa maji. Ukipigilia msumari, utomvu uliruka hadi shavuni. Rhobi alinusa ubao wa kwanza, akamtazama mwalimu wake.

"Mwalimu, si ulituambia ng'ambo mtu akigusa ubao kama huu anafukuzwa siku tatu?"

"Nilisema."

"Sasa?"

"Sasa tunafanya kazi, Rhobi."

Walitengeneza kenchi kumi na moja chini, wakazipandisha kwa kamba na mabega, wanakijiji wakisaidia na kushangilia. Kufika Ijumaa ya mwisho ya Januari nusu ya bati zilikuwa zimekaa. Mchana ule upepo ulianza kuvuma kutoka bondeni, haukuwa mkali, ni upepo tu wa kukausha nguo. Rhobi alikuwa chini anapima papi, mbao za kupigilia bati, aliposikia kitu. Akaweka mkono juu ya ukuta kama mtu anayesikiliza tumbo la ng'ombe.

"Mwalimu, kenchi ya tatu inalia."

Filemoni aliisikia naye. Ulikuwa mlio mwembamba, wa kukata na kurudi. Alitazama juu akaona ubao wa chini umeanza kuachana na msumari, upana wa kidole. Hapo ndipo alipotakiwa kusema, shukeni wote. Alilijua hilo wakati ule ule, na alilijua maisha yake yote. Badala yake akamtazama Werema aliyesimama uwanjani na wazee wawili, akahesabu siku zilizobaki hadi tarehe tano, akasema:

"Panda, Rhobi. Wewe ni mwepesi. Piga kishikizo pale kabla ubao haujafunguka. Mniko, nenda umshikie."

Wakapanda. Rhobi alipiga msumari wa kwanza, ukaingia. Wa pili ulipoingia ubao ulipasuka urefu wote, na kenchi ya tatu ikalala juu ya ya nne, ya nne juu ya ya tano. Mniko alikuwa amesimama juu ya ukuta. Watu walioona walisema angeweza kuruka. Hakuruka. Aliweka bega lake chini ya boriti, kama alivyozoea kufanya karakanani, akamwita Rhobi jina mara moja. Kisha bati zikafuata.

Mniko walimtoa amekwisha. Rhobi alikuwa hai, mkono wake wa kulia umebanwa kati ya boriti na ukuta, na ilichukua muda mrefu kuliko inavyostahili kusimuliwa kuinua boriti ile. Walimlaza juu ya mlango wa zahanati uliokuwa bado haujafungwa bawaba, wakampakia kwenye lori la bati, wakampeleka hospitali ya misheni. Daktari aliukata mkono juu ya kiwiko jioni ile ile.

Siku ya tatu Filemoni alikwenda kumwona. Mogesi alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda, hakuinua uso. Rhobi alikuwa macho, midomo imekauka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mniko yuko wapi?"

"Yuko wodi ya wanaume. Anaendelea."

Rhobi alimtazama kwa jicho lile lililojua ubao umepinda wapi. "Wewe hujui kudanganya, mwalimu," alisema, akageukia ukutani. Kisha akauliza, bado amegeuka: "Mtihani si Juni? Wataniruhusu kufanya kwa kushoto?"

Filemoni alisema atauliza. Alitoka nje akaegemea ukuta wa hospitali, na maneno yale ya kutojua kudanganya yalimkaa kifuani kama mfupa.

Zahanati haikufunguliwa. Tarehe tano ilipita, mgeni akaenda kijiji kingine. Wiki ileile redio ilitangaza mpaka umefungwa, Sirari haipitiki tena. Ndipo ukaitwa mkutano wa kijiji mbele ya kuta zilizobaki.

Wa kwanza kusimama alikuwa Marwa, baba yake Mniko, mzee aliyekuwa amenyoa nywele kwa msiba. Hakupiga kelele.

"Nimemzika mwanangu," alisema. "Sijaja kuuliza mbao. Nimekuja kuuliza jambo moja. Tangu babu zetu, ni lini mwanamke alipanda juu ya paa la nyumba inayojengwa? Mimi nilisema tangu mwanzo, yule binti apelekwe kwenye cherehani. Mkasema mambo ya kale. Haya. Alipanda, nyumba ikaanguka, akabaki hai, wangu akafa. Nyumba ya Mogesi ina deni la damu. Ilipe, au iondoke kijijini hapa."

Manung'uniko ya kukubali yalipita kati ya watu kama moto kwenye nyasi. Mogesi alikuwa amesimama nyuma kabisa, peke yake. Wanawake waliokuwa karibu naye walikuwa wamesogea bila mtu kuwaambia.

Hezekia aliinuka na karatasi. Uchunguzi, alisoma, umeonyesha kwamba ajali ilisababishwa na mwanafunzi mmoja wa kike aliyepanda juu ya kenchi kinyume cha maelekezo. Alisoma haraka, macho chini. Alipomaliza akasema, "Mwalimu wa kituo yupo, atathibitisha."

Watu wote wakageuka. Filemoni alikuwa na daftari la jalada gumu ndani ya koti. Alilichukua asubuhi bila kujua atalifanyia nini, au tuseme akijua na akiogopa kujua. Aliinuka.

"Tata Marwa, baba yangu," alisema, "aliyemtuma Rhobi juu ni mimi. Hakukiuka maelekezo. Aliniambia kenchi inalia, nikaisikia, nikamwambia panda. Na mwanao nilimtuma mimi amshikie. Wote wawili walinitii."

"Mwalimu amechanganyikiwa na msiba," alisema Hezekia.

"Sijachanganyikiwa. Mbao zilikuwa mbichi. Zilikuwa na maji, kila aliyezibeba alilowa bega, na wapo hapa waliozibeba. Hatukuwa na boliti. Nililijua hilo kabla ya msumari wa kwanza. Nikauliza tutaezekaje, nikaonyeshwa sahihi yangu." Akatoa daftari, akalinyanyua. "Nilikwenda ng'ambo nikaona watu wanavyokausha mbao. Nikaandika hapa kurasa kumi na moja za kweli. Kisha nikaletewa karatasi mbili za uongo nikazitia sahihi, kwa sababu nilitaka randa. Nilitaka randa kumi na tisa. Paa halikuangushwa na msichana, tata. Liliangushwa na kalamu, na kalamu niliishika mimi."

Marwa alimtazama muda mrefu. Kisha akamwendea, watu wakadhani atampiga, na Filemoni mwenyewe alitamani apigwe. Mzee hakumpiga. Alimtemea mate miguuni, akaondoka na fimbo yake kuelekea kaburini.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Daftari lilichukuliwa na polisi kama kielelezo na halikuonekana tena, hata mahakamani. Hezekia alihamishiwa kituo cha mbali. Filemoni alikiri uzembe uliosababisha kifo, akapewa miezi kumi na minane. Madai juu ya nyumba ya Mogesi yaliondolewa mbele ya watu. Nyuma ya watu hayakuondolewa. Kisima kilipokauka mwezi wa tisa, wapo waliosema tunajua ni kwa sababu gani.

Alipotoka gerezani, Novemba ya mwaka wa sabini na nane, barabara zilikuwa zimejaa malori ya askari wanaokwenda Kagera. Mkewe, Esta, alikuwa amerudi kwa kaka yake Kenyamonta na watoto. Alimpokea, akampa maji ya kuoga na chakula, akamwambia wazi kwamba Itandora harudi. Kituo kilikuwa ghala la mahindi. Mabenchi yalikuwa yamechomwa kuni.

Aliuliza habari za Rhobi. Akaambiwa hakufanya mtihani, kwa kuwa hapakuwa tena na mwalimu wala kituo. Mtu wa Kerende, mwenye umri wa kuwa baba yake, alikuja kumwoa awe mke wa tatu, kwa mahari ambayo Mogesi hakuitaja kwa sauti. Filemoni alikaa nalo hilo wiki moja. Kisha akaazima msumeno na nyundo kwa shemeji yake, akaenda Kerende.

Alimkuta uani anapepeta wimbi, ungo umebanwa kati ya kiuno na kile kipande cha mkono. Alikuwa amekonda, na mgongoni alikuwa na mtoto mchanga. Alimsalimia shikamoo kama zamani, akampa kigoda, akaendelea kupepeta.

"Nimekuja kuomba msamaha," alisema Filemoni.

"Kwa lipi? Kwa mbao, au kwa karatasi?"

"Kwa yote mawili."

Rhobi aliuweka ungo chini. "Siku ile mlipokuwa mnataka kumaliza paa, wote mlikuwa mnakimbia," alisema. "Mtu anayekimbia hujikwaa. Hilo nimelifikiria, naweza kulimeza siku moja. Lakini ile karatasi uliitia sahihi umesimama, umetulia, hakuna aliyekufukuza. Ile siwezi, mwalimu. Nimejaribu."

Filemoni aliinamisha kichwa.

"Mama aliniambia ulivyosimama mkutanoni," Rhobi aliendelea, sauti yake imepungua ukali kidogo. "Bila hivyo wangemchomea nyumba. Hilo nalo nalijua. Lakini Mniko hajui."

Mtoto alilia, akambembeleza kwa kutikisa mgongo. Macho yake yakaenda kwenye msumeno uliokuwa miguuni pa mgeni. Akautazama meno yake kwa muda.

"Mlango wa kihenge cha nafaka umeliwa na mchwa," alisema. "Mzee anasema atautengeneza tangu mavuno. Panya wanamaliza wimbi. Mbao ziko kule nyuma ya zizi, zina miaka miwili, zimekauka."

Filemoni alikwenda kuzichukua. Alizigonga kwa kidole, zikajibu vizuri. Alipima tundu la kihenge kwa kamba, akaweka alama kwa kaa la moto, akaanza kukata. Mikono ilikuwa imezoea jembe la gereza, ikasahau msumeno, na jasho lilimwingia machoni. Rhobi alisimama nyuma yake na mtoto wake mgongoni. Ubao ulipoanguka aliuokota kwa mkono wa kushoto, akaupeleka mlangoni, akaupachika.

"Umekata mfupi," alisema.

Filemoni alitazama. Ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole viwili.

"Chukua mwingine," Rhobi akasema. "Safari hii nitapima mimi."